Mzee Ndambiri na Jiji la Reli la Bonde la Kaviti

Ndambiri aliporudi Kibugu baada ya kustaafu, watu walitarajia angeshuka na runinga kubwa, au angalau na makochi. Alishuka na makopo ya rangi. Makopo juu ya lori, makopo chini ya kiti, kopo moja amelipakata kama mtoto. Shingoni alikuwa na filimbi, kichwani kofia ya reli.

Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza Nairobi kwenye karakana ya reli, akipaka mabehewa rangi. Hakuwahi kuendesha treni wala kukata tikiti, na hata spana sidhani aliishika zaidi ya kumpitishia mwenzake. Kazi yake ilikuwa brashi. Lakini ukikaa na kitu miaka mingi, huanza kuona ni chako, na Ndambiri alirudi nyumbani akiwa na uhakika kwamba yeye ni mtu wa reli kutoka utosini hadi unyayoni.

Sasa sisi wa Kibugu tuna chai, tuna baridi, tuna msitu wa mlima juu yetu na ndovu wanaokuja kutusalimia bila kualikwa. Reli hatuna. Hatujawahi kuwa nayo. Hilo halikumsumbua hata kidogo. Wiki ya kwanza alipaka banda la kuku rangi ya maziwa na ya damu ya mzee, akaandika "Daraja la Kwanza" upande wa mitetea na "Daraja la Tatu" upande wa majogoo. Kwenye lango akaandika "Stesheni". Na kila jambo la nyumbani likawa na filimbi yake: filimbi ya maziwa kuondoka, filimbi ya ng'ombe kuwasili, filimbi ya uji.

"Mama Ciku," alikuwa akimwambia mkewe, "chai ya saa kumi imechelewa. Abiria wameanza kunung'unika."

"Abiria ni nani?"

"Ni mimi."

Nelius, mkewe, alikuwa mwanamke mtulivu aliyelea mtoto na shamba peke yake huku mumewe akipaka rangi mjini. Alivumilia sana. Lakini siku moja filimbi ilipolia kabla jogoo hajawika, alikaa kitandani akasema, "Baba Ciku, mimi niliolewa na mtu. Sikuolewa na ratiba."

Ndambiri akaiweka filimbi chini ya mto. Akawa mnyonge. Mtu aliyezoea kelele za nyundo na vyuma, akikaa kwenye ukimya wa majani ya chai, husikia mpaka mawazo yake yakitambaa.

Shamba lake, na la majirani wengi, liko kwenye bonde la Kaviti. Kaviti ni kijito kidogo tu, ila bonde lake limesimama wima. Mtu akidondosha kiazi huku juu, hukikuta chini kimeshaoshwa. Chai inachumwa kule chini, na kituo cha kununulia chai kiko huku juu barabarani, kwa hiyo kila kikapu kilipandishwa kwa mgongo wa mama fulani. Kulikuwa na punda mmoja, mali ya Gachoki, jirani wa Ndambiri. Jina lake Mheshimiwa. Gachoki alimpa jina hilo kwa sababu, alisema, anakula vizuri, ananenepa, na ukimwomba afanye kazi anakutazama kama hakujui.

Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, njia ikawa uteute. Asubuhi moja Ndambiri alikuwa katikati ya mteremko akipogoa chai yake. Ruguru akaanguka huko juu. Ruguru alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo cha chai, mwanamke mzito wa mwili na wa heshima, ambaye hata mbwa wakali humpisha njia. Aliteleza, akakalia gunia alilokuwa amelishika, na gunia likashika safari. Alimpita Ndambiri kwa kasi, amekaa wima, mkoba umewekwa sawa mapajani.

"Umeamkaje, Baba Ciku!" alisema akipita, maana alilelewa vizuri.

"Salama," Ndambiri akajibu, lakini alikuwa akiongea na vichaka. Ruguru alikuwa ameshafika mtoni.

Watu wengine walikimbia kumsaidia. Ndambiri alibaki amesimama na panga lake hewani. Baadaye alituambia kwamba wakati ule hakuona mama aliyeanguka. Aliona behewa.

Jioni hiyo hakula. Alizunguka meza akimweleza Nelius. "Kitu kizito kikishuka, kinaweza kuvuta kingine kikapanda. Kama kisima cha misheni kile cha ndoo mbili. Unaona? Reli mbili zimelala pamoja, kila moja na behewa lake. Kamba moja inapita kwenye gurudumu huko juu. Hili likienda chini, lile linakuja juu na majani ya chai."

"Na hicho kizito kitakuwa nini?"

"Hayo ni mambo madogo," akasema Ndambiri. "Unajua miji mikubwa yote ilizaliwaje? Reli ilipita mahali pana mto. Mtu akashuka akiwa na njaa. Mwingine akamuuzia chakula. Wa tatu akaja kuwaibia wote wawili. Basi, jiji tayari."

Alikata mikaratusi yake mwenyewe, akaipasua, akailaza kwenye mteremko, juu yake akapigilia vipande vya mabati ya zamani. Magurudumu aliyatoa kwenye wilibaro zilizokufa, akaenda mpaka Embu mjini kutafuta beringi. Gurudumu la juu lilitoka kwenye trekta fulani ambalo mwenyewe alikuwa ameligeuza banda la mbuzi. Mabehewa mawili yalikuwa masanduku ya mbao tu, lakini ukiyaona! Aliyapaka mara tatu, akayachora mistari ya dhahabu ubavuni, akaandika namba. Na mbele ya kila behewa akapigilia mpini mwekundu, umeandikwa kwa herufi nyeupe: BREKI.

Binti yao Ciku, anayefanya kazi katika ofisi ya bima mjini Embu, alikuja mwisho wa wiki akakuta mambo hayo. Alizunguka behewa mara mbili na macho ya kibima.

"Baba, hii kitu iko na breki?"

"Si hiyo nyekundu? Hata imeandikwa."

"Sawa, lakini imeshikana na nini?"

"Imeshikana na behewa," akasema Ndambiri, na hakudanganya. Ilikuwa imeshikana kwa msumari. Katika mabehewa yote aliyopaka Nairobi, mpini huo ulikuwepo, na yeye aliupaka nyekundu. Ulikoelekea baada ya hapo kulikuwa kazi ya idara nyingine.

Tatizo likabaki lile la kitu kizito. Wazo la kwanza lilikuwa punda avute kamba akitembea kuteremka. Gachoki alikubali kumkodisha Mheshimiwa kwa viazi vitamu. Wakamfunga, wakamsukuma, wakamwimbia, wakamtukana kwa Kiembu na kwa Kiswahili. Mheshimiwa akakaa chini.

Waliporudi nyuma kushauriana, Ndambiri akaacha majani ya viazi ndani ya behewa la juu. Mheshimiwa akayaona. Akainuka polepole, akaingia behewani miguu yote minne kama mtu anayeingia kanisani amechelewa, akaanza kula. Behewa likaanza kushuka. Upande wa pili, lile la chini, likiwa na magunia ya Ruguru, likaanza kupanda. Yalipishana katikati kwa adabu. Punda akafika chini akitafuna, masikio yamesimama, na uso wake, wote waliokuwepo wanakubali, ulikuwa na furaha.

Kisha likatokea ambalo hakuna aliyelitegemea. Mheshimiwa alishuka behewani, akapanda njia ya miguu mwenyewe mbio mpaka juu, akasimama penye behewa la juu, akangoja apakiwe tena.

"Atiriri!" Gachoki akasema, mkono mdomoni. "Miaka yote hii nilidhani ni mvivu. Kumbe alikuwa anangoja gari."

Hivyo ndivyo reli ya Kaviti ilivyoanza kazi. Akina mama waliteremka mikono mitupu na kupanda mikono mitupu. Migongo ikapona. Ndambiri akapiga filimbi hadharani kila behewa lilipoondoka, na Nelius hakulalamika, kwa sababu alikuwa na shughuli zake. Alikuwa ameona kwamba watu wanaongojea behewa pale chini mtoni wanakaa bure, na mtu anayekaa bure huwa na njaa. Akasimamisha kibanda cha mabati, akawasha moto, akaanza kupika chapati na chai ya maziwa.

Chapati za Nelius ni jambo ambalo siwezi kulieleza kwa utulivu. Watu ambao hawakuwa na hata kichaka kimoja cha chai walianza kuteremka bondeni "kuona reli". Mahali penye watu pakaja kinyozi na kioo chake. Akaja fundi wa baiskeli, kisha mtu wa kuchaji simu kwa sola. Mtu mmoja akateremsha kinu cha unga cha dizeli, kipande kwa kipande, kwa behewa, na siku kilipowaka na kutoa moshi mweusi, Ndambiri alivua kofia.

"Kiwanda," akasema kwa sauti ya chini.

Kesho yake kulikuwa na kibao kikubwa kando ya kijito: KARIBU KAVITI, JIJI LA VIWANDA NA RELI. Unaweza kulivuka jiji zima ukiwa unatafuna kipande kimoja cha muwa, lakini kibao kilikuwa kizuri sana.

Ciku alichukua video ya punda akishuka na mistari ya dhahabu, akaiweka mtandaoni. "Mzae wangu ameanzisha taoni," akaandika. Watu wakacheka kutoka Embu hadi Meru, na wengine wakaja. Mmoja wao alikuwa Kirimi, mchinjaji wa Kianjai huko Meru, mtu mkubwa kama mlango wa ghala na mpole kama ndama. Alikuja kuona punda, akala chapati, akauliza kama jiji lina bucha. Lilipokosa, akafungua.

Basi jiji likawa na kila kitu cha jiji. Siasa tu ndiyo iliyokuwa haijafika, nayo ilifika Alhamisi moja, Gachoki alipoketi kibandani akauliza, "Kwani meya wa hapa ni nani?"

"Meya ni mwanzilishi," Ndambiri akasema.

"Mwanzilishi alianzisha mbao. Nani alileta injini? Jiji bila injini ni shamba lenye kibao."

"Injini yako ilikaa chini ikakataa. Viazi vyangu ndivyo vilivyoiwasha!"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Gachoki akasimama, akamshika Mheshimiwa sikio, akampeleka nyumbani na kumfunga kwenye ua. Ulikuwa mgomo wa kwanza katika historia ya jiji.

Siku iliyofuata majani ya chai yalirundikana chini. Ndambiri, kwa kiburi, akavaa kofia akaingia mwenyewe behewa la juu kuwa injini. Ni mtu mwembamba. Akisimama kando ya jembe huwezi kusema haraka yupi ni yupi. Behewa halikusogea. Akapiga filimbi. Halikusogea. Alikaa pale, mgongo wima, akitazama mbele kana kwamba mandhari yanapita, mpaka Nelius akampandishia chakula cha mchana.

"Umefika wapi?" akamuuliza.

"Kuna ucheleweshaji," akasema Ndambiri.

Aliyeokoa jiji ni Kirimi. Alikuja akifuta mikono kwenye aproni, akasema kwa aibu, "Mzee, mimi sina elimu kubwa, lakini kilo niko nazo." Akaingia behewani. Majani ya chai yakapanda bila shida. Taabu ilikuwa kurudi juu: Mheshimiwa alipanda mbio, Kirimi alipanda akipumzika kwa kila kichaka, akiombwa nyama njiani, akisalimiana. Safari za reli zikapungua. Na kule uani kwa Gachoki, punda aliyekuwa anaona behewa likishuka na mtu mwingine ndani yake aliacha kula. Gachoki alikiri baadaye kwamba usiku alimsikia akivuta pumzi kama mjane.

Katika hali hiyo ndipo ilipofika siku ya kuliweka jiji wakfu. Ndambiri alikuwa amemwalika Mchungaji Bundi, aliyetoka Meru na kuhamishiwa kanisa letu, mtu wa mahubiri marefu na viatu vinavyong'aa. Kwaya ilipangwa katikati ya mteremko. Ruguru alivaa kitambaa kipya kichwani. Ciku alikuja na wenzake wa ofisini. Ndambiri akapanda juu ya jiwe kutoa historia.

"Hapo kale," akaanza, "mwezi wa tatu mwaka huu, mahali hapa palikuwa na vyura tu."

Watu wakapiga makofi. Akaeleza enzi ya vyura, kisha kuanguka kwa Ruguru, ambako alikuita Msafara wa Kwanza, na Ruguru akainamisha kichwa kama mtu anayepokea nishani. Akaeleza kuja kwa injini, bila kutaja jina la Gachoki, na Gachoki aliyekuwa amesimama mbali kando ya ua wake akakohoa kwa nguvu. Akaeleza kuzaliwa kwa kiwanda. Simulizi yake ilipofika nusu ya mwezi wa tano, Mchungaji akamgusa begani.

"Mzee, nimeguswa. Ningependa kuibariki reli hii kutoka mwanzo hadi mwisho, nikiwa ndani yake."

Hakuna aliyekuwa amewahi kupanda na behewa akiwa abiria. Ciku akafungua mdomo. "Baba, ile breki..." Lakini kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba. Mchungaji akaketi juu ya magunia mawili ya chai kwenye behewa la chini, Biblia mkononi. Kule juu, Kirimi akaingia behewa lake akiwa amevaa suti. Ndambiri akapiga filimbi.

Safari ilianza vizuri sana. Mchungaji alipanda polepole, akiinua mkono huku na huku. Alikuwa amebariki kama vichaka kumi hivi wakati tulipoisikia kamba ya ua wa Gachoki ikikatika.

Mheshimiwa alikuja akipasua chai kwa mwendo ambao hatukujua anao. Gachoki alikuwa nyuma yake, kiatu kimoja mguuni, akipiga kelele. Behewa la Kirimi lilikuwa bado halijashuka mbali. Punda hakuuliza. Aliruka, akatua ndani, miguu miwili behewani na miwili juu ya mapaja ya Kirimi.

"Karibu," Kirimi akasikika akisema. Halafu hakusikika tena.

Behewa lile lilishuka kama jiwe la kombeo. Na kwa kuwa kamba ni moja, Mchungaji akapaa. Tulimwona akiacha kubariki. Tulimwona akiuona ule mpini mwekundu, akisoma neno lililoandikwa, na uso wake ukijaa matumaini. Akauvuta. Ukatoka mzima mzima na msumari wake. Alipita mbele ya kwaya kabla hawajamaliza neno "haleluya", nao, kwa kujaribu kumfuata, wakaimba ubeti wote kwa pumzi moja.

Huko juu kituoni kulikuwa na tairi kuukuu la kuzuia behewa. Lilizuia behewa. Mchungaji halikumzuia. Aliendelea peke yake, koti limefunguka, akaingia kichwa mbele kwenye wavu mkubwa uliojaa majani ya chai, ukiwa umening'inia kwenye mizani. Karani wa mizani alikuwa na foleni ndefu na hakuwa ameinua macho tangu asubuhi. Mizani ikayumba, ikatulia. Akaisoma, akakunja uso.

"Haya yana unyevu," akasema. "Nani ameleta haya?"

Chini, Kirimi na Mheshimiwa walivuka mwisho wa reli, wakavuka jiji lote la viwanda bila kugusa kitu, wakaingia Kaviti. Kijito ni cha magoti. Kirimi alikaa ndani yake na tai yake ikielea mbele. Punda alijikung'uta, akatoka, akaanza kupanda mlima ili apakiwe tena.

Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe, isipokuwa kiatu cha Gachoki ambacho hakijapatikana hadi leo. Mchungaji Bundi alichomolewa wavuni. Alikuwa na majani masikioni. Aliteremka kwa miguu, polepole, tukimfungulia njia, mpaka mbele ya Ndambiri, akamnyooshea mpini mwekundu.

"Mzee Ndambiri. Hii ilikuwa imefungwa wapi?"

Ndambiri akautazama. Akautazama tena.

"Mchungaji," akasema, "mimi ni mtu wa rangi."

Mchungaji akaugeuzageuza ule mpini. "Rangi ni nzuri," akasema hatimaye, akaenda kuosha uso. Jumapili alihubiri juu ya kiburi, mahubiri mafupi kuliko yote aliyowahi kutoa, na alipofika mahali pa kusema tumwombe Mungu atuinue juu, alisita, akaongeza, "kwa wakati wake, polepole."

Ndambiri alijifungia nyumbani. Kofia aliitundika msumarini ikiangalia ukuta. Hakupaka kitu. Alikuwa na uhakika kwamba jiji limekufa, na kwamba yeye ndiye aliyeliua. Siku ya tatu au ya nne alishindwa kuvumilia, akajificha nyuma ya migomba kutazama bondeni. Mabehewa yalikuwa yamelala ubavu. Lakini kinu kilikuwa kinanguruma. Kinyozi alikuwa na wateja watatu. Kibandani hapakuwa na nafasi ya kuketi. Hakuna treni, na jiji lilikuwa limejaa kuliko zamani.

Hilo lilimuuma kuliko aibu ya Mchungaji. Nelius alimkuta bado amechuchumaa migombani jioni, alipopanda na karai lake.

"Hawaihitaji reli," Ndambiri akasema bila kugeuka.

"Mwenye hamu ya chapati hajali amezifikia kwa njia gani," Nelius akasema, akaketi kando yake kwenye majani makavu. Alikuwa amechoka. "Lakini nani aliwaleta mara ya kwanza? Mimi nimepika chapati kwenye nyumba ile miaka yote uliyokuwa Nairobi. Hakuna aliyekuja kupanga foleni."

Ndambiri akawaza. "Hata mimi sikuzila sana," akasema.

"Ulikuwa ukija Krismasi."

Wakakaa hapo mpaka kijito kikaanza kusikika kuliko watu.

Kesho yake alikuja Ruguru, na nyuma yake Gachoki, amevaa viatu vya mvua. Ruguru hakukaa. "Baba Ciku, wanawake wamerudi kubeba. Mimi mgongo wangu umesahau kazi hiyo na sina nia ya kuukumbusha. Kamati imeamua. Reli irudi, ikiwa na breki ambayo imefungwa mahali."

"Na Mheshimiwa hali chakula," Gachoki akaongeza, akitazama ardhi. "Anasimama tu akiangalia mlima. Mzee wa reli, mimi na wewe tumegombana vya kutosha. Punda ana makosa gani?"

Ndambiri aliitungua kofia ukutani.

Ciku alimleta fundi wa kuchomelea kutoka Embu, kijana anayeitwa Nyaga, asiyesema sana. Nyaga alifunga chuma kipana kwenye gurudumu la juu, chenye mkono mrefu unaoshikwa na mtu mzima, na ukiuvuta, kila kitu kinasimama. Aliujaribu kwa magunia ya mawe, kisha kwa Kirimi, kisha kwa Kirimi na punda pamoja, wote wawili wakiwa wamefumba macho. Abiria wakapigwa marufuku. Ndambiri hakugusa chochote mpaka fundi alipofunga mkoba wake. Ndipo akauliza, kwa heshima kabisa, kama sasa anaweza kuupaka nyekundu.

Lilibaki suala la meya, maana kila mmoja alijifanya amelisahau na hakuna aliyekuwa amelisahau. Ruguru aliamua tupige kura kwa mlolongo ili yaishe. Jumamosi mchana, pale mtoni, Ndambiri alisimama upande mmoja, Gachoki upande mwingine, na wananchi wakaambiwa wapange mstari nyuma ya wamtakaye. Walianza kupanga. Lakini ilikuwa saa ya chakula, na Nelius, ambaye alikuwa amesema wazi kwamba hana muda wa siasa, akageuza chapati ya kwanza kwenye kikaango.

Harufu ikapita. Mtu mmoja akatoka kwenye mstari wa Gachoki, "nakuja tu". Wawili wakatoka kwa Ndambiri. Kinyozi akaenda. Ruguru alipomaliza kusoma kanuni na kuinua uso, nyuma ya Ndambiri alikuwa Kirimi peke yake, ambaye ni mtu wa kuona haya, na nyuma ya Gachoki alikuwa Mheshimiwa. Mstari wa kibandani ulikuwa umefika mpaka ng'ambo ya kijito.

Ruguru ni mtu wa kanuni. Aliutembea mstari ule kutoka mwisho hadi mwanzo, akanong'onezana na Mchungaji, akatangaza, "Mama Ciku ameshinda."

"Nimeshinda nini?" Nelius akauliza, mwiko mkononi.

Alipoelezwa alikataa, akaambiwa mlolongo ukishapangwa haukataliwi. Gachoki alicheka mpaka akashika tumbo. Ndambiri hakucheka. Alikaribia kibanda, akampigia mkewe saluti ya reli, ile ya kweli, vidole kwenye ukingo wa kofia, akauliza kama Mheshimiwa Meya ana agizo lolote.

"Ninalo," Nelius akasema. "Nenda mwisho wa mstari kama wengine."

Akaenda. Mvua ilianza kunyesha kabla hajafika mbele, mvua yetu ile nyembamba ya mlimani. Jiji zima likasogea kuingia chini ya mabati ya kibanda, wananchi, kamati na punda, tukabanana hapo tukila kwa mikono, huku Gachoki akimwonyesha Ndambiri kwa kidole mahali ambapo, akitazama vizuri, reli ya pili ingeweza kupita.